Mbayuwayu wa Iguguno: Maoni juu ya Kufundisha Uhamaji wa Ndege

Mwezi wa Oktoba, mvua zikiwa bado hazijanyesha na vumbi likiwa limetanda njiani, tulikaa nyuma ya darasa la tano katika shule moja isiyo mbali na Iguguno, tukimsikiliza mwalimu mwanafunzi wa chuo chetu akifundisha juu ya uhamaji wa ndege. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Shabaha zilikuwa zimeandikwa ipasavyo, ubao ulikuwa umegawanywa sehemu tatu, na ukutani ilitundikwa ramani aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe juu ya mfuko wa unga uliofuliwa: Ulaya juu, Afrika chini, na mishale myekundu ikishuka kutoka huko hata kwetu. Alieleza kwamba wakati wa vuli majani ya miti hupukutika, baridi huingia, wadudu huadimika, na mbayuwayu huondoka kwenda nchi za joto. Kisha akawauliza watoto: mbayuwayu huenda wapi? Darasa zima likajibu kwa sauti moja: huenda nchi za joto.

Mtoto mmoja aliyekaa karibu na dirisha alinyosha mkono. Alisema kwamba mbayuwayu wa shule yao hawaendi popote, kwa kuwa wana nyumba ya udongo chini ya paa la ofisi ya mwalimu mkuu, na mwezi wa tatu walikuwa na makinda, yeye mwenyewe aliyaona. Mwalimu akatabasamu, akamwambia kwamba kitabu kimeandikwa na wataalamu, kisha akaendelea na somo. Kengele ilipolia, sisi tuliandika katika fomu ya ukaguzi kwamba somo lilikuwa zuri, matumizi ya zana mazuri sana, na nidhamu ya darasa ya kuridhisha.

Hatukuona aibu saa ile. Ilitujia jioni, tulipokuwa tumesimama kando ya barabara kuu iendayo Nzega tukingojea gari la kuturudisha. Juu ya nyaya za umeme walikuwa wamejipanga mbayuwayu wengi, na kwa kuwa gari lilichelewa, tulipata nafasi ya kuwatazama kwa muda mrefu, jambo ambalo mtu mzima mwenye shughuli halifanyi mara nyingi. Walikuwa wa namna mbili. Wengi walikuwa na mgongo mweusi wenye kung'aa kama buluu, koo lenye wekundu wa kutu, na mkanda mweusi kifuani. Lakini mmoja mmoja kati yao alikuwa na kichwa chenye rangi ya kutu, na kifua cheupe kilichojaa michirizi myeusi. Hawa wa michirizi ndio wajengao nyumba ya udongo yenye mlango mrefu kama shingo ya kibuyu, chini ya madaraja na chini ya mapaa ya shule zetu, nao huzaa papa hapa. Wale wa koo jekundu hawajengi hapa hata siku moja, kwa kuwa nyumba zao wameziacha Ulaya na Asia. Mtoto alikuwa amesema kweli, na kitabu nacho kilikuwa kimesema kweli. Waliokosea walikuwa wawili, mwalimu na mkufunzi wake, waliodhani kwamba mbayuwayu ni ndege mmoja tu na kwamba mmoja kati ya mtoto na kitabu lazima awe mwongo.

Tunaeleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ninyi mnaosoma kurasa hizi mtapelekwa mazoezini karibuni, na wengi wenu mtakutana na mada ya uhamaji, ama katika Sayansi ama katika Jiografia. Maoni yetu ni kwamba mada hii inafundishwa kichwa chini, miguu juu. Inafundishwa kama ionekanavyo kutoka kule ndege waondokako, na watoto wetu wako huku ndege wafikiako.

Chukueni neno moja tu, neno vuli. Katika vitabu vilivyofasiriwa, vuli ni majira ya nchi za kaskazini ambapo siku hufupika na majani kupukutika. Katika Kiswahili cha watu, vuli ni mvua ndogo zinyeshazo kuelekea mwisho wa mwaka katika pwani na sehemu nyingine za nchi. Nasi wa Singida hatuna hata hiyo. Tuna msimu mmoja tu wa mvua, uanzao Novemba au Desemba hata Aprili, na baada yake ukavu. Mtoto wa Iguguno aambiwapo kwamba wakati wa vuli majani hupukutika, afanye nini na akili yake? Yeye anajua kwamba majani hupukutika wakati wa kiangazi kikali, mwezi wa nane na wa tisa, kwa kukosa maji wala si kwa baridi. Anajua pia kwamba mvua zinapokaribia miti huchipua. Akili yake inakataa, lakini kinywa chake kinaitikia, maana amekwisha kuzoea kuwa ya darasani ni mambo mengine na ya nyumbani ni mengine. Sisi twaona hasara hii ni kubwa kuliko hasara ya kutojua habari za ndege.

Lingekuwa jambo jepesi kusema: majira ya kupukutika majani huko kaskazini, ambayo kwetu ni mwisho wa kiangazi. Maneno machache tu, na mtoto angesimama mahali pake mwenyewe na kuitazama dunia kutoka hapo.

Tena kuna hili la "nchi za joto". Mbayuwayu wa koo jekundu hufika Tanzania kuanzia Septemba, na wengi huondoka Machi na Aprili. Akikaa kwenye kiota chake cha kaskazini, hukaa miezi mitano hivi. Iliyobaki huimaliza Afrika au njiani. Tukihesabu miezi kwa haki, ni nani mwenye kusema kwamba huyu ni ndege wa Ulaya aendaye kutembea Afrika, wala si ndege wa Afrika aendaye kuzaa Ulaya? Hatusemi kwamba jibu ni hili au lile. Twasema kwamba swali hili lafaa kuulizwa katika darasa la tano, na kwamba watoto watalijibu kwa furaha na kwa kelele.

Mwalimu atakayefundisha vizuri lazima ajue zaidi ya kilichomo katika kitabu cha mwanafunzi. Kwa hiyo na tuseme kidogo juu ya yale yanayojulikana, na jinsi yalivyojulikana. Aristotle, mwanachuoni wa Wayunani, aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi, na kwa karne nyingi watu wenye elimu waliendelea kuamini hivyo. Mwaka 1822 huko Ujerumani alipigwa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umemchoma shingoni, mkuki wa kutoka Afrika, wenye urefu wa sentimita 80 hivi. Alikuwa amechomwa huku kwetu, akasafiri nao hata huko, akafia huko kwa risasi. Amehifadhiwa hata leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kabla ya korongo yule watu walibishana. Baada yake ubishi ulipungua sana. Wapeni watoto kisa hiki, nao hawatakisahau.

Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa shule katika mji wa Viborg, Denmark, jina lake Mortensen, aliwakamata ndege aina ya kwezi, akawavisha miguuni pete nyepesi za alumini zenye nambari na jina la mji, kisha akawaachia. Ndivyo ilivyoanza kazi ya kuvisha ndege pete kwa utaratibu, kazi inayofanywa duniani kote mpaka leo. Twapenda ikumbukwe kwamba mtu huyu alikuwa mwalimu kama ninyi, wala hakuwa na chombo chochote cha gharama. Miaka michache baadaye, mnamo Mei 1911, mbayuwayu alivishwa pete huko Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika ya Kusini. Ndege wa gramu 20, uzito usiofika wa barua mbili, alikuwa amelivuka Jangwa la Sahara, na misitu, na nchi kavu kama hizi zetu.

Na Tanzania ina nafasi yake katika elimu hii. Mwaka 1928 alifika Amani, katika milima ya Usambara, Mwingereza aitwaye Reginald Moreau. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa kukagua hesabu za jeshi huko Misri, wala hakuwa amesomea elimu ya wanyama. Alikaa Amani miaka mingi akiwachunguza ndege, na kitabu chake kikubwa juu ya ndege wahamao kati ya Ulaya, Asia na Afrika kilitolewa mwaka 1972, miaka miwili baada ya kufa kwake. Moreau alikisia kwamba ndege waingiao Afrika kila mwaka ni bilioni 5 hivi. Wachunguzi waliohesabu upya mwaka 2009 walipata bilioni 2.1 kwa ndege waimbao na jamaa zao wa karibu. Mwanafunzi mwerevu atauliza kama Moreau alikosea au ndege wamepungua. Mwalimu mwerevu hataharakisha kumjibu. Atamwambia kwamba njia za kuhesabu zilitofautiana, na kwamba ndege wa aina kadhaa wamepungua kweli, kisha atamwuliza yeye angehesabuje.

Hatuna budi kueleza neno hili "ndege waimbao", maana huleta vicheko. Wataalamu wanapowapanga ndege hutazama umbo la kiungo cha sauti kooni, si utamu wa wimbo. Kwa mpango huo kunguru naye ni ndege aimbaye! Na wageni wetu wengi hawaimbi sana wawapo huku, kwa sababu wimbo hasa ni wa kumwita mwenzi na kulinda mahali pa kiota. Hata hivyo yupo mmoja mdogo sana wa rangi ya kijani iliyofifia, mwenye uzito wa gramu 10 au pungufu, ahangaikaye katika majani ya migunga akitafuta wadudu. Huyu huimba hata huku kwetu, hasa anapokaribia kuondoka, wimbo laini unaoshuka kama maji yanayoisha katika mtungi. Baadhi ya jamaa zake hutoka mashariki ya mbali ya Siberia, safari ya kilomita zaidi ya 10,000, na wengi wao husafiri usiku. Katika usiku wa Oktoba watoto walalapo Iguguno, wapo ndege wanaopita juu ya mapaa yao.

Wajuaje njia? Katika aina nyingi za ndege waimbao, kinda husafiri mara ya kwanza bila wazazi wake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1958 ulieleza juu ya maelfu ya kwezi waliokamatwa Uholanzi wakiwa safarini, wakapelekwa Uswisi na kuachiliwa huko. Wakubwa waligeuza njia wakaelekea mahali walipopazoea. Wadogo waliendelea upande ule ule waliokuwa wakielekea tangu mwanzo, kana kwamba hawakuhamishwa, wakafika nchi nyingine kabisa. Mdogo amerithi upande wa kuelekea. Mkubwa amejifunza mahali. Sisi tunaofanya kazi ya kulea akili za watoto tungefaa kulitafakari jambo hilo, ingawa hatutaki kulitia katika mahubiri.

Sasa tuje kwenye njia ya kufundisha, na hapa tutasema makosa yetu kabla ya kusema mengine. Baada ya aibu ile ya Iguguno tuliamua kuwapeleka wanachuo ufukoni mwa Ziwa Singidani, pale mjini Singida, ili wajionee. Tulikwenda wanachuo 52 kwa basi moja, saa nne ya asubuhi, jua likiwa limekwisha kuwa kali. Wote walishuka kwa pamoja na kwa nyimbo. Heroe waliokuwa karibu walisogea mbali hata wakawa mstari tu wa rangi ya waridi, vitwitwi wakaruka, na wanachuo wakageukia kupigana picha kwa simu, mawe makubwa ya Singida yakiwa nyuma yao. Ripoti tulizoletewa kesho yake zilifanana kama mayai. Karibu zote zilisema: "Tuliona ndege wengi wazuri wa aina mbalimbali." Hatukuwa na haki ya kuwalaumu. Mkufunzi asemaye "nendeni mkatazame" bila kusema mtazame nini amewatuma watu wakatembee.

Mara ya pili tulikwenda wachache, makundi matatu ya watu sita, tukafika saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi. Kila kundi lilikaa mahali pamoja kwa nusu saa bila kusimama. Tuliweka sharti moja lililowaudhi: hakuna kuandika jina la ndege yeyote. Waandike tu alichofanya. Sababu ya sharti hili ni kwamba jina huja upesi, na likiisha kuja, jicho hupumzika. Mtu akiisha kusema "mbayuwayu" haoni tena kama koo ni jekundu au kama kifua kina michirizi.

Karatasi za siku hiyo tunazo bado. Kundi moja lilikaa mahali ng'ombe wanapopita kwenda malishoni kandokando ya ziwa. Liliandika juu ya ndege mdogo mwenye tumbo la manjano, atembeaye kwa miguu badala ya kurukaruka, mkia wake ukipanda na kushuka pasipo kukoma, aliyekuwa akikimbia kati ya kwato za ng'ombe na kudaka nzi walioinuka. Mwanachuo mmoja alihesabu: katika dakika tano ndege yule aliinama na kudonoa mara 41. Kundi la pili lilimwona ndege wa kijivu na rangi ya mchanga aliyesimama wima juu ya jiwe kama askari, na aliporuka ukaonekana weupe juu ya mkia, na mwishoni alama nyeusi kama herufi T iliyopinduliwa. Kundi la tatu liliwaona mbayuwayu wakipita chini sana juu ya maji, nalo lilisema jambo ambalo hata sisi hatukulitazamia: baadhi yao walikuwa na mbawa zenye mapengo. Ni kweli. Mbayuwayu hubadilisha manyoya yake akiwa huku Afrika, unyoya mmoja baada ya mwingine, ili apate mbawa mpya za kurudia.

Majina yalikuja baadaye, chuoni, baada ya ubishi wa kutosha. Yule wa jiwe ana habari ya ajabu. Wachunguzi waliwafunga ndege wa aina yake vyombo vidogo sana vya kupima mwanga huko Alaska, na mwaka 2012 walitangaza kwamba ndege hao waliivuka Asia yote hata Afrika ya Mashariki, kilomita 14,500 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Uzito wa ndege huyo ni gramu 25. Mwanachuo aliyemwandika "kama askari" alinyamaza kitambo aliposikia hayo, kisha akauliza kwa nini hakuambiwa habari hizi alipokuwa shule ya msingi.

Wapo watakaosema kwamba Iguguno haina Ziwa Singidani. Haihitaji. Lambo la kunyweshea ng'ombe latosha. Nyaya za umeme zatosha. Hata mgunga mmoja uliopo nyuma ya vyoo vya shule watosha, na huenda ukafaa zaidi, kwa kuwa mtoto ataweza kuutazama kila siku. Ziwa lafaa kwa safari moja ya furaha. Elimu hupatikana kwa kurudia mahali pale pale.

Na mbinu yenyewe haina gharama. Darasa liwe na daftari moja, la kuanzia Septemba hata Aprili, litunzwe na watoto kwa zamu. Kila siku ya shule waandike saa, hali ya hewa, na idadi ya mbayuwayu wa koo jekundu walioonekana katika dakika kumi. Wakiwa wengi juu ya nyaya, wahesabu kumi wa kwanza, wapime kwa jicho urefu wa kumi hao, kisha wakadirie kumi ngapi zimo katika waya wote. Hiyo ni hisabati iliyo hai. Waandike siku ya kwanza walipoonekana na siku ya mwisho. Mvua ya kwanza inyeshe lini, kumbikumbi watoke lini, na nani walikuja kuwala. Daftari la mwaka mmoja ni zoezi la darasa. Madaftari ya miaka kumi katika shule moja ni hazina ambayo mtaalamu yeyote angesafiri kuja kuitazama, na ni shule chache sana zilizo nayo.

Kuhusu lugha, tunajua kwamba baadhi ya walimu wakuu hawapendi kusikia Kinyiramba au Kinyaturu darasani. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili, nasi hatupingi. Lakini mtoto ajuaye jina la ndege kwa lugha ya bibi yake analeta darasani elimu iliyopimwa na watu waliomtazama ndege huyo kwa vizazi vingi. Liandikwe jina hilo ubaoni pamoja na la Kiswahili. Na pale ambapo watu hawatumii jina moja, waacheni watoto watunge lao kwa yale waliyoyaona. Wanafunzi wa darasa moja walimwita yule wa manjano "mtikisa mkia", na kila aliyelisikia jina hilo alimtambua mara moja.

Kuna jambo gumu zaidi. Katika shule zetu nyingi, mvulana wa darasa la tano ana manati shingoni, na ndege kwake ni nyama au ni adui. Ni adui kweli. Msimu wa mavuno watoto hukaa mashambani toka alfajiri wakifukuza kweleakwelea wasimalize mtama na uwele. Kweleakwelea mmoja hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku, nusu ya uzito wake, na kundi lao huweza kufika maelfu elfu. Mwalimu akisimama mbele ya watoto hao na kuhubiri juu ya uzuri wa ndege, watamcheka moyoni, nao watakuwa na haki. Somo lianze na kweleakwelea. Naye ni mhamaji. Huzifuata mvua na nyasi mpya humu humu Afrika, na wazee wa kijiji wanajua atokea upande gani na mwezi gani. Mtoto akiisha kueleza anachokijua juu ya adui yake, ndipo aulizwe: na mbayuwayu anakula nini? Atazame mwenyewe. Ataona kwamba mbayuwayu hali punje hata moja, na kwamba "mtikisa mkia" anafuata nzi wa ng'ombe wao. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini methali iwe mwisho wa kutazama, isiwe mahali pake. Tumemwona mvulana akiyaweka manati yake mfukoni baada ya kuhesabu nzi waliodakwa. Tumewaona pia wavulana wengine ambao hawakuyaweka.

Pingamizi kubwa tunalolisikia kwa walimu walio kazini ni la wakati. Wageni wetu huanza kufika Septemba, mwezi ule ule wa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na upimaji wa darasa la nne hufuata. Mwalimu mkuu anataka kila mtu awe darasani akirudia maswali ya miaka iliyopita. Tunalielewa hilo, na hatutaki mwalimu mpya aanze kazi kwa kugombana na mkuu wake. Ndiyo maana tumetaja darasa la tano, ambalo halina mtihani wa taifa mwaka huo, na ndiyo maana tumetaja dakika kumi. Kwa darasa la watoto 90, watoke kumi kumi kwa zamu, wengine wakiendelea na zoezi la hisabati. Zamu itamfikia kila mtoto baada ya siku tisa. Jambo tusilolikubali ni mazoea ya kupanga mada hii Juni katika azimio la kazi, eti kwa sababu ndiyo inayofuata katika kitabu, wakati mbayuwayu wote wa koo jekundu wako kwenye viota vyao kaskazini. Azimio la kazi huandikwa na mwalimu kwa kalamu yake, na kalamu hiyo yaweza kuipeleka mada hii Oktoba.

Wala wazo hili si jipya. Katika miaka ya 1960 palikuwa na mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, ambao Tanzania ilishiriki, uliotaka mtoto ashike, apime na kuuliza vitu vya mazingira yake mwenyewe. Vyuo vingi viliupokea kwa shangwe. Kisha madarasa yakajaa, vifaa vikaadimika, na tukarudi kwenye ubao. Lakini ndege hawakuadimika kwa sababu ya upungufu wa vifaa.

Tulirudi katika shule ile mwezi wa tatu uliofuata. Mwalimu mwanafunzi alikuwa amekwisha kumaliza mazoezi yake, kwa hiyo tulimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kumwona mtoto yule wa dirishani. Alitupeleka nyuma ya ofisi, akatuonyesha nyumba ya udongo yenye shingo, na mbayuwayu wa michirizi akiingia na kutoka na wadudu kinywani. Tukamwuliza kama anawaona pia wale wa koo jekundu. Akasema wapo, kule kwenye nyaya, lakini siku hizi wamekuwa wachache na mikia yao imekuwa mirefu. Tukaifuta kwa kalamu ile sentensi ya fomu ya ukaguzi iliyohusu zana, tukaandika pembeni jina la mtoto na maneno aliyoyasema. Sasa tunawaomba ninyi mtakaokwenda mazoezini muhula ujao mtuletee karatasi zenu za dakika kumi, pamoja na tarehe, saa na mahali. Zile zenye majina tu ya ndege tutazirudisha.